Namba Aliyoitaka Tamotsu

Mume wangu Tamotsu alipovua viatu na kuingia kinyumenyume kwenye buti la gari lisilo letu, watu wakiangalia, ndipo nilipoanza kumchunguza.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye duka la magari lililoko njia kuu ya kwenda Matsumoto. Alilaza viti vya nyuma, akajinyoosha chali na soksi zake za kazini, akafumba macho. Muuzaji, Bwana Yokouchi, mtu wa makamo mwenye tai fupi, alisimama kando mikono mbele, kama yuko msibani. Mimi niliona jambo moja. Tamotsu hakulala katikati. Alilala upande wa kulia, akaacha nafasi ya kumtosha mtu mwingine.

"Baba Nozomi, unatafuta nini humo ndani?" nikamuuliza.

"Urefu," akajibu bila kufumbua macho. "Miguu inanyooka."

"Na hapo pembeni ni pa nani?"

"Pa vitu."

Niliposikia jibu hilo fupi nilikumbatia mkoba wangu kifuani. Mtu huyu hajawahi kutaka kitu. Ni mtoto wa tatu wa ukoo wa Momose, bonde la pili kutoka kwetu, fundi wa kukereza vyuma kwenye kiwanda cha pampu. Kwetu hakukuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo yeye ndiye aliyehamia. Akaacha jina lake akachukua letu, Kurashina, akaishi chini ya paa la baba yangu. Mpaka leo wazee wa mtaani hawamwiti Tamotsu, wanamwita "mkwe wa Kurashina". Miaka yote baba alipokuwa hai, Tamotsu aliingia kwenye maji yaleyale ya kuoga baada ya baba, na hata siku moja hakusema yamepoa. Baada ya kazi ya kiwandani alipogoa matufaha yetu. Aliendesha kile kigari cheupe cha mizigo ambacho kila nyumba ya shamba inacho, polepole, masanduku yasigongane.

Anasa yake ilikuwa moja. Jumamosi alikwenda milimani. Majira ya joto alivua samaki wa kwenye vijito vya juu, na theluji ikianguka alipanda na mbao zake za kuteleza mgongoni. Alitoka kabla hatujaamka, akarudi mchana na samaki waliokwisha kupasuliwa na kuoshwa. Mimi sikuwahi kwenda. Nina baridi ya miguu, na mlima haunihusu.

Sasa Nozomi, binti yetu, amekwenda kufanya kazi Nagoya, baba ameshafariki, na kigari cheupe kimechoka. Mimi nilitaka lile gari refu kwenda juu, la mlango wa kusukuma kando, maana mama yangu ana magoti mabovu. Tamotsu alitaka wagoni, gari lenye mgongo mrefu wa mizigo. Na si wagoni yoyote. Iwe ya chini, ishike barabara kwenye kona, isukumwe na magurudumu yote manne wakati wa theluji, iwe na gia za mkono, na nyuma ziingie fimbo za kuvulia, mbao, buti za mpira na sanduku la barafu bila kitu kuegemea kiti. Alikuwa ameshaangalia nyingi. Moja aliikataa kwa sababu ilikuwa tamu kuendesha lakini mlango wa nyuma ulikuwa mdogo. Nyingine iliingiza kila kitu, ila akasema usukani wake umelala usingizi. Sikujua kama ana maneno hayo.

Hii ya tatu aliijaribu kwenye barabara ya mlima nyuma ya duka. Mimi nilikaa kiti cha nyuma. Alibadilisha gia bila kuangalia mkono, akaingia kona kama mtu anayerudi chumbani kwake gizani.

"Mzee wangu!" Bwana Yokouchi akacheka. "Wewe umewahi kuendesha gari la mbio, usinifiche."

"Hapana," akasema Tamotsu.

Masikio yakamwiva. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliyaona.

Tuliporudi aliuliza kama viti vya mbele vinapashwa joto.

"Vyote viwili," akajibu Bwana Yokouchi.

"Vyote viwili. Vizuri."

Nikakitazama kile cha pili. Bwana Yokouchi akatuletea chai, akauliza kama tuna namba maalumu tunayoitaka kwenye kibao cha gari. "Wengi siku hizi wanaweka siku ya kuzaliwa ya mtoto. Au ya harusi, mama akifurahi hata bei haulizi."

"Sita moja nne," akasema Tamotsu. Hakufikiri. Ilitoka kama mtu anayetaja jina lake.

Kwetu mwezi hutangulia: mwezi wa sita, tarehe kumi na nne. Nozomi kazaliwa Novemba. Mimi Februari. Tulioana Oktoba, matufaha yakiwa mtini, na baba alinung'unika kuhusu siku hiyo. Huku kwetu watu wanasoma namba za magari ya majirani kama wanavyosoma nguo kwenye kamba. Mwenye duka la pombe ameweka siku ya kuzaliwa ya mbwa wake, na mkewe hajamsamehe. Namba ni mtu. Nikanywa chai yangu yote ikiwa ya moto, nisije nikafungua mdomo mbele ya mgeni.

Jioni Tamotsu aliweka karatasi juu ya meza ya kupashia miguu moto, mbele yangu. Gari haliandikishwi mpaka polisi wajue litalala wapi, na mwenye kiwanja akubali kwa muhuri wa jina lake, ambao kwetu ndio sahihi. Kiwanja ni changu tangu baba alipofariki. Bila muhuri wangu hakuna wagoni.

"Ukipata nafasi," akasema.

"Nitaangalia."

Niliuweka muhuri kwenye mfuko wa aproni, nikawa natembea nao kila mahali, hata chooni. Nilijiambia sitaugonga mpaka nijue nani kazaliwa Juni. Kama kulikuwa na mtu wa kukalia kile kiti cha joto, hangepelekwa mlimani kutokea kwenye kiwanja changu.

Nikaanza kazi. Nilinusa fulana yake ya kuvulia. Nilipapasa kiti cha kigari cheupe nikitafuta unywele. Nilimpigia simu Nozomi.

"Mama, umeanza."

"Sijaanza chochote. Nakuuliza tu, Juni kumi na nne unamjua nani?"

"Baba? Na mwanamke? Mama, baba akihudumiwa na muuzaji wa kike anaongea na viatu vyake mwenyewe."

"Hao wanaoongea na viatu ndio hao hao."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza atajua kwamba najua."

"Lakini hujui kitu!"

Nilikata simu. Vijana wanadhani kuuliza ni jambo jepesi.

Aliyebaki kichwani mwangu alikuwa Kayo, mjane mwenye duka la chambo karibu na daraja. Mwanamke wa kucheka kwa sauti. Tamotsu hupita kwake kila Ijumaa. Nikaenda, nikajifanya naangalia kofia za jua, na ilikuwa Novemba.

"Kayo, wewe nyota yako ipi?"

"Nge. Ndiyo maana nauma. Kwa nini?"

"Basi tu."

Akaacha kufunga ndoana, akaniangalia juu ya miwani. "Dada Mieko, tangu mume wangu afe hujakanyaga humu. Leo umekuja kwa baridi hii kuniuliza nyota?" Akaanza kucheka. "Mumeo akija hapa, unajua anasema nini? 'Mbili, asante.' Hayo ndiyo mapenzi yetu yote. Chukua kofia basi, nisikutoe bure."

Nilinunua kofia. Nge si wa Juni. Badala ya kutulia, nikawa mbaya zaidi, maana sasa mwanamke huyo hakuwa na uso.

Siku iliyofuata mama na mimi tulikuwa uani tunaosha majani ya kutia chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Maji yalikuwa yanauma mpaka kwenye mifupa. Mama amekunjika kwa uzee lakini mikono yake bado inakimbia.

"Mkwe hajaleta gari?" akauliza.

"Sijagonga muhuri."

"Kwa nini?"

Nikamweleza, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi na sikuwa na nguvu ya kuficha. Nikamwambia namba.

Mama akaacha kuosha. "Sita moja nne? Si ya lile gari lake?"

"Gari lipi?"

"Lile jekundu la kelele. Alilokuja nalo."

Nililikumbuka gari, lakini namba sikuwahi kuitazama. Zamani namba hukuchagua, ofisi ilikupa tu kama wanavyokupa tiketi, nani angeikariri? Nilipanda mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na mimba ya Nozomi, nikamsihi apunguze mwendo, nikatapika dirishani. Halafu gari likawa halipo.

"Baba yako alisema mkwe wa nyumba ya matufaha hawezi kuwa na gari la watu wawili," mama akasema. "Likauzwa kwa kijana wa Hosogaya, kijiji cha chini. Jioni kijana alikuwa anapita nalo barabara ya shambani. Mkwe yuko juu ya ngazi na mkasi, mimi nimeshika ngazi chini. Likisikika tu, anaacha kukata. Anangoja mpaka limalize kona. Nami nangoja shingo imeniuma. Miaka! Ningekosaje kujua namba yake?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na yeye hakusema. Na nyumba ilikuwa ya baba yako." Akarudisha mikono majini. "Shika hayo majani, yanaelea."

Ungedhani nilipumua. Sikupumua. Mwanamke ningejua la kumfanya. Lakini mtu aliyelala karibu yangu miaka yote hiyo akiwa na gari moyoni, wala hakugeuka upande wa pili hata mara moja, mtu wa namna hiyo utamjua vipi? Kama aliweza kukaa kimya kwa hilo, kuna mangapi mengine?

Jioni ile Tamotsu alitoka kuoga, akakaa, akaingiza miguu chini ya blanketi la meza.

"Nimempigia Bwana Yokouchi," akasema. "Nimemwambia namba yoyote itafaa. Na nimefikiri, lile la mlango wa kusukuma ni zuri kwa Mama. Tuchukue hilo."

Sauti yake ilikuwa ileile aliyokuwa akitumia kumwuliza baba kama bafu liko wazi. Sikuipenda. Zamani nilidhani ni sauti ya mtu aliyeridhika.

Nikatoa muhuri kwenye aproni. "Karatasi iko wapi?"

"Ya gari lipi?"

"La chini. La kona."

Akamtazama mama, aliyekaa upande wa pili wa meza amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Lakini Mama ataingiaje?"

"Kwa matako," mama akasema. "Nilipanda trekta na mimba ya huyu. Gari la chini litanishinda?"

"Na namba uirudishe ileile," nikamwambia.

Masikio yakamwiva tena. "Unajua?"

"Najua."

Hakuuliza nimejuaje. Nikagonga muhuri kwa nguvu mno, ukakaa upande kidogo. Yeye akaichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke, akaendelea kuipuliza hata ulipokwisha kukauka.

Wagoni ilikuja theluji ilipokuwa inayeyuka, siku ambayo kalenda ilisema ni njema. Tulilazimika kuhamisha tundiko la kukaushia matunda ya kaki, yale ya rangi ya chungwa, maana mkia wa gari ulitokeza. Jumamosi ya kwanza Tamotsu alipakia fimbo zake, sanduku na buti, kila kimoja mahali pake, nyuma ya gari upande wa kushoto. Pale alipopaacha siku ile. Kweli palikuwa pa vitu. Nilihakikisha.

Alipofungua mlango wake alinikuta nimeshakaa kiti cha mbele, madonge ya wali mapajani.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

Akawasha joto la kiti changu. Kwenye njia ya mlima alipunguza mwendo kila kona, polepole, kama yuko na masanduku ya matufaha.

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?"

"Uliniambia nipunguze."

"Lini?"

"Ulipotapika."

"Nilikuwa na mimba, Baba Nozomi! Mtoto mwenyewe sasa ana mshahara."

Akanitazama kidogo. Mkono ukashuka kwenye gia. Gari likanguruma, likajikunja kwenye kona, mgongo wangu ukakamatwa na kiti, nami nikakamata mlango. Tamotsu akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, cha kijana. Sikuwa nimewahi kukisikia, na nikakaa nikijiuliza amekuwa akikitumia wapi.

Kule juu, mahali pa kuegesha kando ya kijito, magari matatu yalikuwa yametangulia. Watu wanne walikuwa wanachemsha maji ya kahawa. Walipoiona wagoni walisimama na kupunga mikono.

"Momose!" wakaita. "Momose, hatimaye umeinunua!"

Hakuna anayemwita kwetu kwa jina hilo la ukoo wake. Jina hilo lilifutwa siku ya harusi. Na yeye akateremka akiitika, mabega wazi, akiongea kabla hajaulizwa. Miongoni mwao alikuwako mwanamke mmoja, ana buti za mpira hadi kiunoni, na yeye ndiye aliyelitamka jina hilo kwa ulaini zaidi, kama kitu alichokizoea.

Nilifungua mlango wangu. Nikaweka kofia ya Kayo kichwani, nikavuka matope, nikaenda kusimama katikati yao.

"Mimi ni Kurashina," nikasema, nikainamisha kichwa kama inavyopasa. "Nimeleta wali. Haya niambieni, mmemjua tangu lini?"