Beseni ya Konokono

Papa yangu alitunyima sombe ili awape konokono. Naanza na hilo mapema, mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsifu.

Ilikuwa vita ya pili, kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, miezi ile watu walipokuwa wanalala na viatu miguuni. Wenye akili walikuwa wanafunga mizigo. Papa yeye alikuwa ameinama juu ya beseni ya plastiki, anawatazama konokono thelathini hivi wakijikokota. Aliwachemshia sombe, majani ya mihogo, akayaponda, akayapuliza yapoe, utadhani analisha mgonjwa. Sisi tulikula bukari, ugali wetu, kwa chumvi siku hiyo. Wadogo zangu wawili walilia, akawaambia wavumilie.

Kabla ya vita alikuwa mpiga mbizi. Alimfanyia kazi mzungu mmoja aliyekuwa ananunua samaki wadogo wa rangi wa ziwa letu, akiwapeleka Ulaya kwa ndege wakakae ndani ya sanduku la kioo sebuleni mwa watu. Samaki wa kuangalia, si wa kula. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka mpaka mama akanikemea. Vita ilipokuja mzungu alikimbilia ng'ambo, Kigoma, lakini boti yake iliendelea kuvuka kimyakimya, mara moja moja, kuchukua samaki. Sasa wateja wake walikuwa wanataka na konokono. Wakubwa waliobanduliwa kwenye mawe ya ziwa walikuwa wanafia njiani, kwa hiyo akataka wadogo, waliozaliwa ndani ya beseni na kuyazoea maji ya beseni. Ebu fikiria. Watu wa Makobola waliouawa kijiji kizima wamezikwa juzi tu, na huko kuna mtu anasikitika kwamba konokono wake hawawezi safari.

Nahodha wa hiyo boti alikuwa na tumbo kubwa na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mvua ikinyesha. Alimwambia papa kwamba atarudi baada ya wiki sita. Akikuta glasi moja ya konokono wadogo, mama atapanda boti. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, kufika sokoni tu ilikuwa kazi. Sisi wengine tungeweza kupanda milima ya Fizi kwa miguu kama watu wote. Mama hangeweza. Shida yetu yote ilikuwa hiyo, na papa akaikabidhi kwa konokono.

Kwa kujifanya mwalimu, hakuwa na mwenzake. Alikuwa amewahi kuona mayai ya konokono wa kule kwenye matete, yale yanayonata kwenye majani kama ute. Akatangaza kwamba na hawa wa kwenye mawe watataga hivyo hivyo, kwenye kingo za beseni, na kwamba atakayegusa kingo atamjua yeye ni nani. Kazi ya kubadilisha maji akanipa mimi. Kila baada ya siku mbili nilihamisha wakubwa kwenye ndoo, nikamwaga maji kwenye migomba, nikatia mapya. Kingo sikuzigusa hata kwa kidole. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimdharau, lakini nilimtii.

Chini ya beseni kila mara palibaki mchanga kidogo, mweusi, laini. Nilifurahi kuupata. Zamani sufuria tulikuwa tunaziosha ziwani, unachota mchanga pale pale ulipochuchumaa, unasugua masizi mpaka bati linang'aa, huku mnasengenyana. Mwanamke mwenye sufuria nyeusi kwetu anasemwa mpaka kwa wakwe zake. Lakini askari walikuwa wameweka kambi pwani, na hakuna binti aliyekuwa anakaa majini tena. Tulikuwa tunachota maji asubuhi, wengi kwa pamoja, tunaondoka mbio. Mchanga wa kusugulia haukuwepo tena nyumbani. Huu wa kwenye beseni niliutia kiganjani na majivu juu, nikasugua. Ulisugua vizuri kuliko ule wa ziwani. Mama alinisifu mbele ya jirani kwamba hata katika vita sufuria zake zinang'aa.

Wiki zikaenda. Kila asubuhi papa alikuwa anachungulia kingo kutafuta mayai, na kila asubuhi hakuna kitu. Mimi nilikuwa napita nyuma yake nikikohoa makusudi, ajue kwamba nimeona. Mama hakukohoa. Alikuwa amekunja vitenge vyake viwili na kuviweka tayari ndani ya mfuko, kwa ajili ya boti.

Zilipobaki siku nne nahodha arudi, papa aliniita. Nilimkuta amepiga magoti, kidole chake kimoja kimenyooka mbele ya macho. Juu ya ukucha palikuwa na punje moja ya mchanga wangu. Akaniambia nisipumue. Punje ikatoa pembe mbili, ndogo mno, ikaanza kutembea.

Konokono wa kwenye mawe hawatagi. Wanazaa. Mtoto anatoka na gamba lake mgongoni, mweusi, mkubwa kama punje ya mchanga, anazama chini. Papa aliyezama ziwani humo miaka yote hakulijua hilo. Alicheka peke yake kwa furaha, halafu akaacha kucheka.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa mpole, "ule muchanga ya siku zote, ulitia wapi?"

Nilitazama sufuria iliyokuwa imefudikizwa juani, na yeye akaitazama. Hakunipiga wala hakufoka. Alibaki amepiga magoti pale pale, punje ikipanda ukucha wake. Mwishowe aliniambia kitu kimoja tu, kwamba nisimwambie mama.

Nahodha alifika. Konokono wadogo waliokuwepo hawakujaza hata kijiko cha chai. Alikitazama kijiko, akapandisha miwani, akacheka. Nafasi ya mama akaipakia magunia ya ndagala, dagaa wakavu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na mfuko wake mapajani. Aliuliza watoto wa konokono wako wapi, mbona wiki sita zote.

"Ni mi nilibamwanga," papa akasema, akionyesha migomba. "Nilizani ni muchanga."

Mama alimwita mjinga, mara ya kwanza mbele yetu, na hakuacha tena. Na mimi nilisimama pale nikamdharau zaidi. Angeweza kusema walikufa tu. Mtu huyu hata uongo hakuujua! Kichwani mwangu nilisema hivyo, kwa sauti kubwa kabisa, ili nisisikie kingine.

Siku ya tatu risasi zililia upande wa Nundu na tukapanda milima. Mama alijifungua njiani, chini kidogo ya Fizi, ndani ya shamba la mihogo la watu tusiowajua. Alikuwa mtoto wa kiume. Alikaa nasi siku mbili.

Papa amekufa mwaka huu, mzee, kitandani mwake, kule kule Baraka. Kwenye matanga mama aliwasimulia wageni habari yake, kama alivyoisimulia miaka yote: mwanaume aliyemwaga boti ya mke wake kwenye migomba. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Shangazi mmoja hakuamini.

"Muulize huyu," mama akasema, akinionyesha. "Yeye alikuwako."

"Ni kweli," nikasema. "Alibamwanga yeye mwenyewe."

Shangazi akatikisa kichwa, akamshika mama mkono, na mimi nikaendelea kugawa chai.