Kilatini kwa Sauti ya Madrasa

Nimerudi Korogwe na stashahada niliyoihangaikia mwenyewe, na hapa hakuna anayefundisha watoto Kilatini kunishinda. Leo lori la mkonge mbichi lilipita karibu na darasa, na harufu ile ikanirudishia mikono ya baba, mkata mkonge, jioni niliyomwomba ruhusa niendelee na Kilatini alichonianzishia padri. Sisi ni Waislamu, na niliogopa ataikataa lugha ya kanisani.

“Kisome nisikie.”

Nikasoma mbiombio.

“Unafukuzwa na nyuki? Madrasani unasoma hivyo?”

“Hapana, baba.”

“Basi vuta sauti.”

Nikavuta kama ninavyosoma Kurani. Akafumba macho mpaka nikamaliza.

“Kesho uwahi kwa padri.”

Wanafunzi wangu wote wanavuta sauti hivyo. Mkaguzi alipouliza nilisomea wapi mtindo huo, nilimwambia haumo kwenye stashahada.