Wivu wa Likizo ya Mwezi wa Sita

Kuna asubuhi moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilipandwa na hasira kabla sijanywa hata chai. Wanangu pacha, Kulwa na Doto, wakati huo wa darasa la tatu, walikuwa wamerudi jana yake kutoka Misungwi kwa bibi yao, mama wa mume wangu. Wakamwamkia baba yao "mwangaluka", naye akaitikia, wakaendelea na Kisukuma chao hadi uji ukaisha, wanacheka, wanasukumana. Mimi Mhaya nikaachiwa shikamoo yangu kama mgeni. Niliona wivu, sikufichi. Tena haukuwa wivu wa mume, huo ningejua pa kuupeleka.

Tulikuwa tunaishi Mabatini. Mimi nilikuwa nakata minofu ya samaki kiwandani Nyakato, mume wangu dereva wa lori. Shule zikifungwa, watoto wabaki na nani? Ndiyo maana kila mwezi wa sita tuliwapeleka kwa bibi yao, na kila mara walirudi wakiwa wa kwake zaidi. Nikipiga simu, "Mama, tunaenda kuchunga," halafu simu inarudi kwa bibi. Wakija nyumbani, chai yangu haina matobolwa, vile viazi vitamu alivyovichemsha na kuvikausha bibi. Nikimsuka Doto, ananiambia bibi havuti nywele. Haya.

Mwaka uliofuata nikasema hawaendi. Mume wangu akauliza kwa nini, nikamwambia wana masomo ya ziada. Uongo mtupu. Nikamtafuta binti wa kuwaangalia, niliyemjua kwa sura tu, nikaenda kazini nimeridhika.

Wiki haijaisha, mama mkwe akaja kuwasalimia wajukuu. Akakuta mlango umefungwa kwa nje, watoto wanachungulia dirishani. Yule binti aliwafungia asubuhi, akaenda zake kwa rafiki yake. Simu yangu nilikuwa nimeizima kazini, na dirisha lina nondo na wavu, hata kiazi hakipiti. Bibi akavuta ndoo, akaikalia chini ya dirisha, akapiga nao hadithi hadi jioni. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nikasikia kicheko. Watoto wamefungiwa kutwa nzima bila chakula, na wanacheka! Unajua nilichosikia kwanza moyoni? Si aibu. Wivu. Aibu ilikuja nilipokuwa natafuta ufunguo wa akiba kwenye mkoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Tukawalisha watoto hadi wakashiba na kulala. Mimi nilikuwa nangojea matusi.

"Mama Kulwa, unanionea wivu," akasema.

Nikaanza kukusanya sahani za watoto.

"Nionee tu. Mimi nilianza kukuonea siku mwanangu alipokuleta nyumbani. Zamani alikuwa hapiti Misungwi bila kushuka ale kwangu. Sasa anapiga honi barabarani, anawahi kwako. Nilitamani nikuchukie. Nikaona nikikuchukia, nitawakosa na hawa watoto."

Akafunga vizuri khanga yake, akaendelea taratibu.

"Wakiwa kwangu, jua likishuka Kulwa anaenda kukaa njiani. Nikimuuliza anamngoja nani, anasema mama anatoka kazini saa hizi. Kila siku. Mimi, na matobolwa yangu yote, sijawahi kungojwa hivyo."

Mwanangu, nililia. Asubuhi yake nikawafungashia nguo, wakaondoka naye.

Sasa ni zamu yako. Wewe unafanya kazi, mwenzako anafanya kazi, na likizo hiyo inakuja. Usimtafutie mtoto mtu ambaye hatampenda, eti ili wewe ubaki wa kwanza. Mpeleke anakopendwa sana, hata kama ni kwa mkwe msiyepatana naye, na akirudi anamsifia huyo mtu, msikilize hadi amalize. Wivu utauona tu. Mpeleke hivyo hivyo.

Siku hizi wajukuu wanaletwa kwangu hapa Buhongwa. Juzi mdogo wao alisukuma sahani ya ndizi nilizompikia kwa mkono wangu, akasema anamtaka mama yake. Niliumia, kwa nini nikudanganye? Kisha nikampakata, nikampigia mama yake simu.

Mungu awalinde wanao popote watakapolala likizo hii. Awape mikono ya kuwapenda isiyo yako peke yako. Na wewe akutoe kazini salama kila jioni, maana yupo mtoto, hata akiwa mbali, anayejua saa yako ya kurudi.