Matanga Yaliyohamia Ukumbi wa Michezo

Siku yangu ya kwanza kitengo cha maafa, Msimamizi Derek alinivalisha jaketi ya manjano iliyonifika magotini, akaniambia, "Rose, kazi yetu ni kujiandaa. Tukikosa cha kufanya, tumefaulu." Nilicheka. Mie nilikuwa nikisafisha ofisi za kaunsili, yaani halmashauri ya mji, hapa Barking kwa Waingereza, sikujua kupigana na upepo.

Nilianzia stoo, kujaza magunia ya mchanga ya kuzuia maji milangoni. Kisha nikahamishiwa kituo cha hifadhi, yaani ukumbi wa michezo tunaoutandika vitanda vya kukunja, watu wakitolewa majumbani. Hapo mkubwa alikuwa Meneja Sandra, mfupi, mkali, hana mchezo na chai iliyopoa.

Basi ikatangazwa dhoruba, upepo na mvua pamoja. Sandra akatutuma tuwatoe watu wa vyumba vya chini ya ardhi kabla ya giza. Wakatoka wote, isipokuwa Mama Neema wa Voi. Mumewe, Mzee Mwakio, alikuwa amefariki, mwili unangoja kusafirishwa kwao Voi, na matanga yalikuwa hapo kwake.

"Sitoki, Dada Rose. Watu wanatoka mbali, huko Tooting, kuja kunipa pole. Wakute nyumba ya msiba imefungwa?"

"Na maji yakiingia utawakalisha wapi, juu ya kabati?"

"Hapo hapo juu ya kabati!"

Nikajua huyu simwezi kwa habari za mvua. Nikampigia Sandra, nikamweleza.

"Wageni wangapi?" akauliza.

"Matanga hayana idadi, meneja. Anayekuja anakaribishwa."

"Basi walete wote. Chukueni upande wa jikoni hapa ukumbini."

Mama Neema akaitazama picha ya mzee ukutani, kisha akaitungua mwenyewe. Mie nikabeba sufuria. Binti yake, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, akawaarifu wageni kwa simu. Jioni ukumbi ukajaa nyimbo na mandazi, hata majirani wasiomjua marehemu wakaja kutoa pole. Sandra alionja chai yetu, akaomba kikombe cha pili.

Asubuhi tulikuta maji yamefika dirishani kwa Mama Neema. Kabati lenyewe lilikuwa limeanguka.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma. Ninyi mnaovaa jaketi zile leo, mkigonga mlango na mtu akakataa kutoka, msimpigie kelele. Muulizeni anamngoja nani. Kisha mwongezeeni kiti huyo naye.