Siku Tatu Bila Choo Eldoret

Aibu hii bado inanichoma. Nilitoka Mwanza kuja Eldoret kwa biashara ya nguo, tumbo likafunga siku tatu. Ugenini, peke yangu, nikaona nakufa. Nikaingia duka lililoandikwa "Dawa", nikamkuta mwanamume aliyevaa koti jeupe.

"Tumbo limevimba, choo hakuna," nikamwambia huku nalia.

"Pole, Mama. Anakula?"

Nikadhani ndicho Kiswahili cha huku. "Hata kidogo."

"Na maziwa, anatoa?"

"Nilishaachisha mwaka jana."

Akakuna kichwa. Wakulima waliosubiri nyuma yangu wakasogea wasikie.

"Sasa Mama, huyu mgonjwa ni ng'ombe ama ni mbuzi?"

Ndipo nikatazama rafu: chumvi ya mifugo, dawa ya kupe.

"Ni mimi," nikasema.