Nyota Saba za Dada

Miaka ya hamsini, kwetu Msambweni, baba hakupanda mahindi kabla ya kukitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo masika yakikaribia huonekana chini upande wa machweo baada ya sala ya magharibi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo dada yangu mkubwa ndiye aliyemtazamia. Sisi wengine tuliona nyota sita. Dada aliona saba.

Jioni moja mwalimu wa shule ya jirani alikuja kuazima jembe, akamkuta dada uani ameinua uso. Akamweleza kwamba nyota zile ni ndugu. Zilizaliwa pamoja katika wingu moja kubwa la hewa na vumbi, lililojikusanya, likajikaza hata likawaka. Bado ni changa, ndiyo maana zimekaribiana. Polepole, kwa mamilioni ya miaka, kila moja itashika njia yake.

Dada akauliza, "Na hizi zilizo peke yake, nazo zilikuwa na ndugu?"

"Nyingi, ndiyo. Hata jua letu, yumkini."

"Na ndugu za jua wako wapi sasa?"

"Hakuna ajuaye."

Mwalimu akamgeukia baba, aliyekuwa amemletea jembe. "Mzee, huyu mpeleke shule. Nafasi nitamtafutia mimi."

"Inshallah, tukishavuna."

Baba hakuwa anakataa. Lakini tulipovuna mama alikuwa amejifungua, na dada akahitajika nyumbani. Kisha ikaja posa kutoka Jego, ya watu wema, baba akaona haya kuirudisha. Dada akaolewa. Hakulia. Alikwenda tu kumtaka radhi mwalimu kwa kumsumbua bure.

Alipokuja kututembelea, na mtoto mgongoni, baba alimwita uani.

"Hebu waeleze wadogo zako habari za Kilimia, kama alivyosema mwalimu."

"Nimesahau, baba."

Hakuwa amesahau. Asubuhi ile nilimsikia akimsimulia mwanawe jikoni, neno kwa neno.

Baba akasema, "Nilichelewa, mwanangu."

Dada akamshika mkono, akasema chakula kinapoa.

Mwaka uliofuata nilipelekwa shule mimi. Gauni langu la shule alilishona dada kwa mkono, akalituma kwa mchuuzi wa samaki. Lilinikaa sawasawa, na kila nilipolivaa niliona kama nimevaa nguo ya mtu mwingine.