Msamaha Nilioupangia Tarehe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya mwisho wa mwaka, mto umejaa mpaka umefika kwenye ngazi za kivuko chetu cha Lubunga. Ilikuwa miaka ya hamsini, mji bado unaitwa Stanleyville, nami nina miaka kumi na tisa. Sisi wa ukingo wa kushoto tulivuka kwa mtumbwi kwenda sokoni, hospitalini, kila mahali.

Jumapili iliyotangulia, katekista alituambia kila mmoja apime mwaka wake kabla haujaisha. Nikapima wangu. Ulikuwa na doa moja, lakini doa gani! Kwenye matanga ya mama yetu nilisimama mbele ya watu nikamwambia dada yangu mkubwa Feza, yaya wangu kama tunavyosema kwetu, kwamba ndiye aliyemwacha mama afe peke yake. Ulikuwa uongo. Feza ndiye aliyemwosha na kumlisha. Mimi nilichelewa kufika kutoka Ubundu, na aibu yangu ikatafuta mtu wa kumtwika. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Miezi minane hatukusalimiana, na ua letu lilikuwa moja.

Basi nikaweka nia: tarehe mosi, baada ya misa, nitavaa kikwembe kipya nipige magoti mbele yake. Niliipenda sana nia ile. Wiki nzima nilijisifu moyoni kwamba nimeshabadilika, kumbe sikuwa nimefanya lolote.

Mchana wa siku ile ya mwisho wa mwaka nilikuwa kivukoni nikifua. Feza akaja, ameshikwa mkono na mumewe. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulikuwa umeanza kabla ya wakati, nao wakawahi mtumbwi wa kwenda hospitalini. Alipita karibu, karibu hivi, akanitazama. Midomo yangu ikafunguka. Nikajiambia: kesho, siku moja tu. Nikainamia nguo.

Walikuwa katikati ya mto upepo ulipoanguka ghafla, na mvua nyuma yake. Nikaona kasia likielea peke yake. Mtumbwi ukageuka ubavu, ukaanza kuteremka na maji, halafu mvua ikaufunika. Watu wakapiga kelele. Wavuvi wawili wakasukuma mtumbwi wao wakawafuata. Mimi nilisimama na nguo mkononi, siwezi kulia wala kuomba.

Koko, mama mzaa baba yetu, akaja akikokota mguu wake mbovu. Nikamwambia yote, pamoja na nia yangu. Nilidhani atanifariji.

"Kesho?" akasema. "Nani alikuambia kesho iko yako? Alipita hapa, na kinywa ulikuwa nacho."

"Koko, nilitaka nifanye vizuri, mwaka mupya..."

"Mwaka iko hesabu ya watu tu. Roho ya dada yako ilikuwa inauma leo."

Akakaa kwenye jiwe, akanipa mgongo. Mwanangu, mgongo ule ulinichapa kuliko fimbo.

Tulingoja. Mvua ikaisha, mto ukaonekana mtupu. Jua lilikuwa limeshashuka wavuvi walipotokea, wakipandisha mtumbwi wao kwa shida kando ya ukingo, wote wamebanwa humo, Feza na mumewe pia. Feza amelala, na kifuani pake kitu kimefungwa katika shati la mumewe. Alikuwa amejifungua kwenye matope huko chini ya mto. Niliingia majini hadi kiunoni ndipo nikasikia mtoto akilia.

Nikashika ukingo wa mtumbwi. "Yaya, nilisema uongo kwenye matanga. Wewe ulimutunza mama. Ni mimi sikufika."

"Uliniona wakati nilipita pale?"

"Nilikuona."

Akaninyoshea kile kilichofungwa katika shati. "Bon, sawa," akasema. "Shika mutoto. Mikono yangu imechoka."

Hakusema amenisamehe. Neno hilo lilikuja polepole, baada ya miaka, na sikuwa na haki ya kuliharakisha.

Kwa hiyo mwanangu, mwaka unapokwisha, kaa chini ujipime. Ni jambo jema. Lakini ukikuta kosa, usilipangie sikukuu. Nia nzuri hushibisha moyo wa mwenye nayo, na aliyeumizwa hubaki na njaa. Liwezekanalo leo lisingoje kesho: amka, nenda, sema, hata kama nguo zako zimelowa. Yasiyowezekana leo ndiyo uuachie mwaka mpya.

Mungu akupe miaka mingi, akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, na akubakizie ndugu wa kuwaomba.